Kwanza Moshi, Kisha Rangi

Kama uko jikoni, endelea na mapishi yako, sauti itakufuata huko huko. Kama uko kwenye daladala au matatu umekwama kwenye foleni, pole sana. Angalau tuko pamoja.

Leo nataka tuzungumze juu ya vitu ambavyo sote tunavihitaji, lakini hakuna anayevitaka mlangoni kwake. Unavijua. Kituo cha kupozea umeme. Mnara wa simu. Mtambo wa kusafisha majitaka. Dampo. Tanuri la kuchomea taka. Tunataka umeme usikatike, simu ishike hata chumbani, choo kisizibe, taka zichukuliwe asubuhi na mapema. Halafu siku ukisikia kwamba mtambo wenyewe utajengwa nyuma ya ukuta wako, swali la kwanza linalokutoka ni lipi? Kwa nini hapa? Kwa nini si kule? Wala simlaumu mtu anayeuliza hivyo. Ana nyumba aliyoijenga kwa miaka mingi, tofali baada ya tofali. Ana watoto wanaocheza nje. Ana mzee anayelala mchana na kutaka utulivu. Ana haki ya kuuliza.

Sasa, miji mingi duniani ilitafuta njia ya kumnyamazisha muulizaji huyu, na njia mojawapo ilikuwa kuupamba mtambo. Kuupa sura ya kitu kingine. Kituo cha umeme kikafanywa nyumba, mnara ukafanywa mti, mtambo wa majitaka ukawekewa bustani juu ya paa. Leo nitakutembeza kwenye miji kadhaa ilikofanyika hivyo, na njiani nitakuwa nauliza swali moja. Nitalirudia, kwa hiyo lishike: kitu kinapopambwa ili majirani wakikubali, kinachofichwa ni nini? Ni ubaya wa sura, au ni madhara?

Tuanzie London. Upande wa magharibi wa jiji hilo, eneo la Bayswater, kuna mtaa unaoitwa Leinster Gardens. Ni mtaa wa nyumba za ghorofa zilizoshikana, nyeupe, kila mlango na nguzo zake, na juu ya nguzo vibaraza vya nakshi. Ukitembea pale ukafika namba 23 na 24, huenda ukapita bila kushtuka. Nguzo zipo. Milango ipo. Vibaraza vipo, na mstari wa paa umenyooka sawasawa na wa jirani. Lakini simama kidogo utazame vizuri. Milango haina tundu la kutumbukizia barua. Madirisha hayana kioo; ni ukuta mtupu uliopakwa rangi ya kijivu pale ambapo kioo kingekaa. Na ukizunguka hadi mtaa wa nyuma, Porchester Terrace, ndipo unapoona kwamba hakuna nyumba kabisa. Kuna ukuta wenye unene wa kama mita moja na nusu, umeshikiliwa kwa vyuma, na chini yake kuna shimo la wazi lenye reli. Treni zinapita humo.

Ilikuwaje? Miaka ya 1860 kampuni ya reli ya Metropolitan ilikuwa inachimba njia ya treni chini ya ardhi, na kipande hicho cha kutoka Paddington hadi Bayswater kilifunguliwa mwaka 1868. Enzi hizo treni ya umeme haijafika. Ni injini za mvuke, makaa ya mawe na moshi. Ikiwa ndani ya handaki, injini iliuelekeza mvuke wake kwenye matangi ya maji ili abiria wasikose hewa, na kila baada ya umbali fulani ilihitaji mahali pa wazi pa kuutolea. Mahali pamojawapo paliangukia chini ya namba 23 na 24. Nyumba zikabomolewa. Ila mtaa ule ulikuwa wa watu wenye uwezo na wenye sauti, nao hawakutaka kubaki na shimo katikati ya safu yao ya nyumba. Kwa hiyo kampuni ikajenga uso. Nyuso mbili za nyumba, na nyuma yake hewa tupu.

Nataka tutue hapo. Je, majirani wa Leinster Gardens walidanganywa? Hapana. Walijua kila kitu. Nyumba zilibomolewa mbele ya macho yao, moshi waliuona ukipanda. Mpita njia ndiye anayedanganyika, na mpita njia haumii kitu. Jirani aliketi na mwenye mradi, akasema hiki nakubali, kile sikubali, na ukuta ule ndio makubaliano yao yaliyojengwa kwa matofali. Mwaka 1905 treni zikaanza kwenda kwa umeme, mvuke ukaisha, sababu yenyewe ya shimo ikaisha. Ukuta bado upo.

Mifano ya aina hiyo iko kwingine pia, nitaipitia haraka. Paris, namba 145 ya mtaa wa La Fayette, kuna jengo la ghorofa ambalo ndani yake hakai mtu. Ni njia ya kutolea hewa ya treni za chini ya ardhi. Brooklyn, New York, namba 58 ya mtaa wa Joralemon, kuna nyumba ya matofali iliyojengwa mwaka 1847, ya watu kabisa, ikaja kununuliwa na kampuni ya treni na kutobolewa ndani. Handaki linalopita chini ya mto lilifunguliwa mwaka 1908, na nyumba hiyo ikawa pumzi yake, na pia ngazi ya kutokea abiria siku ya dharura. Utaitambua kwa madirisha yake meusi. Hewa, hewa, hewa. Hewa haiumi mtu, na sina ugomvi na majengo haya hata kidogo.

Twende Toronto, Kanada, kwa sababu huko mambo yanaanza kuwa magumu.

Umeme, kama unavyojua, husafiri mbali ukiwa na nguvu kubwa sana, na lazima upozwe kabla haujaingia kwenye taa ya sebuleni. Kadiri mji unavyopanuka ndivyo vituo vya kupozea vinavyolazimika kusogea karibu na nyumba. Toronto ilipanuka sana baada ya Vita Kuu ya Pili, na shirika la umeme la jiji hilo likaamua vituo vyake vya mitaani visijengwe kama vituo. Vijengwe kama nyumba za watu. Na walifanya kazi hiyo kwa bidii. Mtaa ukiwa wa nyumba za chini, kituo nacho kilikuwa nyumba ya chini. Mtaa ukiwa wa ghorofa moja, kituo kikapewa ghorofa. Paa, mlango wa mbele, madirisha, baadhi yake yakawekwa hata mapazia. Mbele kuna majani yaliyokatwa vizuri na vichaka vilivyopunguzwa. Ukisimama karibu, kitu pekee cha kukushtua ni mngurumo mdogo usiokoma, maana ndani kuna transfoma.

Vituo vya namna hiyo vilijengwa kwa mamia. Na kwa miaka mingi majirani waliishi navyo kwa amani, wengine wakivipenda, kwa sababu jirani wa aina hiyo hapigi muziki usiku.

Sasa turudi kwenye swali letu. Kinachofichwa ni ubaya wa sura, au ni madhara? Mwaka 2008, mwezi wa Desemba, kituo kimoja cha aina hiyo kwenye barabara ya Millwood kililipuka na kuwaka moto. Kifaa kikubwa cha kukatia umeme kiliharibika. Kumbe ndani ya nyumba ile nzuri mlikuwa na mafuta na umeme mkubwa, kama ilivyo kwenye kituo chochote cha umeme duniani.

Tufikirie pamoja. Hapa kwetu transfoma iko juu ya nguzo au ndani ya uzio wa waya, na imebandikwa kibao chenye fuvu na neno HATARI. Haipendezi. Lakini mtoto wa miaka mitano anaujua ule mchoro wa fuvu kabla hajajua kusoma. Mpira ukiingia mle ndani ya uzio, anakimbilia kwa mkubwa. Basi mimi nasema kituo kikipewa pazia na maua, na kibao cha hatari nacho kibaki, kikubwa, mahali pa kuonekana. Aliyepanga nyumba ya pili aambiwe. Kikosi cha zimamoto kiwe na ramani. Mgeni adanganyike akidhani ni nyumba, hilo si kitu. Jirani hapaswi kudanganyika.

Tunaendelea. Minara ya simu.

Huenda umewahi kuuona mnara uliofanywa mnazi au mtende. Umesimama wima mno, shina ni chuma kilichopakwa rangi ya kahawia, makuti ni ya plastiki, na upepo wa kaskazi ukivuma miti mingine inayumba, wenyewe umetulia. Mtindo huu ulianza miaka ya 1990, Marekani kwa miti ya misonobari na Afrika Kusini kwa mitende. Mtende wa Cape Town ulisimamishwa mwaka 1996. Tangu hapo minara imefanywa milingoti ya bendera, imeingizwa ndani ya minara ya makanisa.

Lakini kwa nini Marekani hasa ilijaa miti ya bandia? Jibu linanisikitisha, na nadhani linatufaa kulijua. Mwaka huo huo wa 1996 Marekani ilitunga Sheria ya Mawasiliano. Ndani yake kuna kifungu kinachosema kwamba serikali ya mji au ya wilaya hairuhusiwi kukataa mnara kwa sababu ya hofu ya mionzi ya redio, ili mradi mnara unatimiza viwango vya serikali kuu. Unaona kilichotokea? Jirani anakuja kwenye mkutano na hofu yake ya afya, na anaambiwa hofu hiyo haina nafasi kwenye kikao hiki. Anachoruhusiwa kulalamikia ni sura. Basi analalamikia sura! Anasema mnara ni mbaya, unaharibu mandhari. Na kampuni inajibu hoja ya sura kwa dawa ya sura: inaleta majani ya plastiki. Hofu ya jirani yule imebaki pale pale, ila sasa ina makuti juu yake.

Nisieleweke vibaya. Siko hapa kukutisha juu ya minara. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba mawimbi ya vituo vya simu yanayomfikia mtu mtaani ni dhaifu sana, na kwamba halijaona ushahidi wa kuridhisha kuwa yanaleta madhara ya afya. Hilo ni jambo zuri, na ndilo hasa linalopaswa kusemwa pale pale kwenye mkutano, kwa upole, kwa lugha ya watu, na vipimo viletwe mezani. Tanzania tunayo Tume ya Nguvu za Atomiki, ambayo kazi yake mojawapo ni kupima mionzi. Mwite mpimaji, aje na kifaa chake, apime mbele ya watu, asome namba kwa sauti, aeleze namba hiyo maana yake nini na kikomo ni kipi. Ni kazi ya asubuhi moja. Mtu aliyejibiwa hivyo ataukubali mnara ukiwa mnara. Na mara nyingi utakuta kinachomkera hasa si mawimbi, ni jenereta ya dizeli inayonguruma usiku kucha chini ya mnara, ambayo hakuna mnazi wa plastiki unaoweza kuinyamazisha.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na sasa nataka nikupeleke mahali ambapo mkakasi ulikuwa mkubwa kuliko yote. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kisa hiki kina mengi.

Ni New York, Marekani, kitongoji cha Harlem, upande wa magharibi, kando ya Mto Hudson. Harlem ni makao ya kihistoria ya Wamarekani Weusi. Kwa miaka mingi majitaka ya upande wote wa magharibi wa Manhattan yalikuwa yanamwagwa mtoni hivi hivi, bila kusafishwa. Ikabidi jiji lijenge mtambo wa kuyasafisha, na hilo ni jambo jema. Mto ule ulikuwa unakufa. Mpango wa awali ulikuwa mtambo ukae kusini zaidi, karibu na mtaa wa 72, eneo la watu wenye nafasi zao. Baadaye ukasogezwa kaskazini, ukawekwa kati ya mtaa wa 137 na wa 145. Harlem. Majitaka ya wote, yakiwamo ya matajiri wa kusini, yatiririke hadi kwa watu wa Harlem.

Watu wa Harlem wakapinga. Wakaambiwa: msijali, tutawajengea bustani juu ya paa la mtambo. Na, msikilizaji, bustani ilijengwa kweli. Si maneno. Inaitwa Riverbank State Park, ilifunguliwa mwaka 1993, ina ukubwa wa kama hekta kumi na moja, na yote iko juu ya paa. Kuna bwawa la kuogelea, viwanja vya michezo, uwanja wa kuteleza kwenye barafu, ukumbi wa maonyesho, na ukingoni unatazama mto mzima. Ukuta wa mtambo unaoelekea mtoni ulijengwa kwa matao marefu, yanapendeza kabisa. Mtu asiyejua akipita kwa boti anaweza kudhani ni jengo la kifahari.

Ila mtambo ulianza kazi mwaka 1986, miaka saba kabla ya bustani. Na ulipoanza tu, harufu ikaanza.

Fikiria kiangazi cha New York. Joto la Julai, nyumba ndogo za ghorofa, wengi hawana kiyoyozi. Unataka kufungua dirisha. Ukifungua, harufu ya majitaka inaingia mpaka kwenye shuka. Watu wakalalamika kwamba macho yanawasha, kifua kinabana, wagonjwa wa pumu wanateseka. Walipiga simu, waliandika barua. Kulikuwa na mwanamke mmoja, Peggy Shepard, kiongozi wa chama cha siasa katika eneo lile, aliyeanza kukusanya malalamiko hayo. Januari 1988, siku ya kumbukumbu ya Martin Luther King, yeye na wenzake walisimama barabarani, wengine wamevaa vinyago vya gesi, wakafunga njia kuu inayopita mbele ya mtambo. Saba wakakamatwa. Mwaka huo huo wakaunda chama cha kutetea mazingira cha watu wa Harlem Magharibi, na kesi ikafuata.

Mwisho wa mwaka 1993, bustani ikiwa imeshafunguliwa, jiji likakubali kumaliza kesi. Kukawa na mfuko wa dola milioni 1.1 kwa ajili ya jamii ile, na jiji likaahidi kutengeneza mtambo ili harufu idhibitiwe. Na kuna kipengele kimoja ambacho mimi nakiona kina thamani kuliko fedha: wakazi wenyewe wakapewa nafasi ya kusimamia utekelezaji. Waliolalamika ndio waliokagua kama kazi inafanyika.

Nakuuliza tena, sasa kwa mara ya tatu. Kinachofichwa ni ubaya wa sura, au ni madhara? Harlem walifunikiwa madhara kwa bustani, na madhara yakapenya, kwa sababu pua haisomi ramani ya mchoraji. Watoto wa Harlem wanaogelea pale leo, na nafurahi wanaogelea. Ila bustani ile ilitolewa kama malipo ya kukubali kitu ambacho watu hawakupaswa kukubali kwanza, yaani mtambo unaonuka. Waliouondolea mtambo ule harufu ni watu waliosimama barabarani mwezi wa Januari, kwenye baridi.

Sasa nikupeleke mahali walipofanya kwa mpangilio ninaoupenda. Ni Vienna, mji mkuu wa Austria.

Katikati ya Vienna, eneo la Spittelau, kuna tanuri kubwa la kuchomea taka. Lilijengwa kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, na joto lake linapashia moto hospitali kuu ya jiji na nyumba za watu. Mwaka 1987 liliungua. Jiji likawa na uamuzi wa kufanya: libomolewe lihamishiwe mbali, au lijengwe upya pale pale? Meya wa wakati huo, Helmut Zilk, alitaka libaki, lakini lipewe sura mpya, na akamwendea msanii maarufu, Friedensreich Hundertwasser.

Huyu Hundertwasser alikuwa mtu wa mazingira kuliko kawaida. Alipenda miti iote juu ya mapaa, na hakupenda kabisa habari ya kuchoma taka. Kwa hiyo hakukubali haraka. Alitaka kwanza kuhakikishiwa kwamba tanuri litawekewa vichujio vya kisasa, moshi usafishwe kwa kiwango cha juu kinachowezekana. Aliporidhika na hilo, ndipo alipoishika kazi, na akaifanya bila kudai ujira. Kazi ilikamilika mwaka 1992. Leo tanuri lile ni mojawapo ya majengo yanayopigwa picha sana pale mjini: kuta za rangi rangi, madirisha yasiyofanana, miti juu ya paa, na bomba la moshi refu la buluu lililobeba tufe la dhahabu. Linatoa joto kwa nyumba zaidi ya elfu sitini.

Umeona mpangilio wake? Kwanza moshi, kisha rangi. Msanii aliyeombwa aje apambe ndiye aliyesema safisheni kwanza. Wala hakujifanya kwamba lile si tanuri. Hakuligeuza kuwa kanisa wala nyumba ya kuishi. Bomba la moshi, ambalo wengine wangelificha, yeye ndilo aliloliwekea tufe la dhahabu ili kila mtu alione. Unaweza kupamba kitu bila kukifanya kiwe kingine, na hilo kwangu ni tofauti kubwa sana.

Tukirudi kwetu, sisi mara nyingi hata pambo lenyewe hatupewi. Wengi mtakumbuka habari ya dampo la Tabata, Dar es Salaam. Moshi, nzi, harufu, katikati ya makazi. Mwaka 1988 wakazi walikwenda Mahakama Kuu dhidi ya halmashauri ya jiji, na mahakama ikaamuru utupaji ukome. Jiji likaomba muda, likaomba tena. Mwaka 1991 taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa Mtongani nao wakaenda mahakamani, wakashinda. Baadaye ikawa zamu ya Vingunguti, na baadaye tena Pugu Kinyamwezi. Kesi zile zinafundishwa hadi leo kwa wanafunzi wa sheria ya mazingira, na wakazi wale wanastahili heshima kubwa. Lakini tazama safari ya zile taka. Mtaa mmoja ukishinda, mtaa wa pili unapokea, na mara nyingi anayepokea ni mwenye sauti ndogo kuliko wa kwanza. Kuhamisha nako ni namna ya kuficha. Dampo halionekani tena na aliyelalamika, basi tunahesabu limekwisha, wakati moshi ule ule unaingia kwenye dirisha la mtu mwingine.

Ndiyo maana nasema sheria tulizonazo tuzitumie mapema, kabla tofali la kwanza halijawekwa. Tanzania tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayotaka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wasikilizwe. Kenya wanayo sheria yao ya mwaka 1999, na kanuni za tathmini za mwaka 2003 ziliagiza mwenye mradi afanye angalau mikutano mitatu na watu watakaoguswa, na tangazo la mradi lisomwe redioni pia, ili asiyesoma gazeti naye asikie. Redioni, msikilizaji. Kwa hiyo tangazo la namna hiyo likisomwa, tafadhali usipunguze sauti ukisubiri muziki urudi.

Na ukialikwa kwenye mkutano wa mtaa au baraza la chifu, nenda. Najua ni siku ya kufulia, najua mikutano yetu inachelewa kuanza. Nenda. Wataleta picha kubwa ya rangi, yenye miti na watoto wanaokimbia. Itazame, na kama inapendeza, sema inapendeza. Halafu omba kuona ukurasa wa mtambo wenyewe. Majitaka yakizidi wakati wa masika, yatafurikia wapi? Jenereta itawashwa saa ngapi? Umeme ukikatika, pampu zitasukumwa na nini? Kichujio kinabadilishwa kila baada ya muda gani, na fedha ya kukibadilisha iko kwenye bajeti ya nani? Na harufu ikitoka saa nane za usiku, nani atapokea simu? Wakikupa jina la ofisi, omba namba. Wakikupa namba, ipige pale pale mkutanoni, kila mtu asikie kama inaita.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutakuwa na mhandisi wa majitaka hapa studio. Kama mtaani kwenu kuna mtambo unaojengwa, au uliojengwa tayari na unawasumbua, tuandikie: taja mtaa, taja ni mtambo gani, na mliambiwa nini kabla haujajengwa. Tutamsomea naye atajibu.